Miti ya Papa Ilunga

Mwezi uliopita walibomoa jengo la sinema hapa Kashikishi. Niliitazama kazi yote nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, upande wa pili wa barabara, kwenye kibaraza cha muuza vocha za simu. Hawakuleta mashine. Walikuja vijana sita na nyundo, sululu na kamba, chini ya kijana mkandarasi anayeitwa Chanda, na kwa siku nne wakaliondoa jengo ambalo nilidhani litaniona nikizikwa. Siku ya kwanza waling'oa mabati yaliyobaki. Siku ya pili walianza kushusha boriti za upande wa nyuma, na hapo ndipo Rejina alipofika kutoka ng'ambo ya ziwa, mkoba begani, kitenge chake kimelowa mpaka magotini kwa sababu boti haikusogea vizuri ufukweni. Mara ya mwisho nilimwona akiwa msichana wa miaka kumi na miwili. Sasa ni bibi mwenye wajukuu. Ni binti wa Papa Ilunga, fundi seremala aliyelipaua jengo lile kwa mikono yake na kuligeuza sinema, na ambaye alikufa huko ng'ambo miaka mingi iliyopita. Mchuuzi mmoja wa samaki alimpelekea habari kwamba nyumba ya baba yake inavunjwa, naye akapanda boti aje kuona.

Hakunisalimu kwanza. Alienda moja kwa moja kwenye boriti zilizolazwa kando ya barabara, akapiga goti, akapitisha kidole gumba juu ya mti polepole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye mguu wa mtoto. Kisha akageuka, akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambamo kaka mkubwa ni yaya na lakini ni mais.

"Yaya Mwape, njo weye?"

"Njo miye, mama."

"Papa alisemaka muti wote ulikuwa mubaya. Mpaka siku ya kufa alisema muti wake njo uliangusha ile nyumba. Mais angalia huu. Muti ni ule ule mumoja, alituambia. Ata dudu moja haikuingia." Akanitazama kwa macho ya baba yake. "Juu ya nini, yaya?"

Nilimwambia safari imemchosha, akapumzike kwa watu wa kanisa lake walio hapa, kesho asubuhi tutaongea. Alikubali, kwa sababu ana adabu. Nami nikarudi nyumbani nikiwa na jibu ambalo nimelibeba tangu ujana wangu, jibu la maneno machache sana, na nikashindwa kula. Naandika haya kwa Kiswahili ingawa nyumbani kwangu tunasema Kibemba, kwa sababu mwaka ninaotaka kuusema niliuishi kwa Kiswahili, ndani ya kuta zile, na uongo nilioutoa mwishoni niliutoa kwa lugha hiyo.

Kabla ya kuwa sinema, jengo lilikuwa ghala la samaki. Alilijenga mfanyabiashara mmoja wa kizungu enzi za malori makubwa ya barafu, akaondoka, akaacha kuta nene kama za ngome na paa lililooza. Sakafu yake ilikuwa imeinama kidogo kuelekea mwisho mmoja ili maji ya barafu yatiririke. Papa Ilunga alipovuka kutoka Kongo akaiona sakafu ile, alicheka, kwa mujibu wake mwenyewe, akasema mzungu huyu amejenga sinema bila kujua. Mtu akikaa nyuma anaona juu ya kichwa cha mtu wa mbele. Alirudi kwao, akakata mti mmoja mkubwa wa mulombwa, akaupasua kwa msumeno wa shimo, mtu mmoja juu na mwingine shimoni, akavusha boriti na mbao juu ya mitumbwi iliyofungwa miwili miwili. Akapaua. Akaweka dari ya mbao, kwa sababu mvua juu ya bati inaua sauti ya picha. Upande wa chini, sakafu ilipoishia, alijenga jukwaa la mbao lililoinuka kimo cha goti, na juu yake akatundika kitambaa cheupe. Nilipofika kwake nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza sekondari ya misheni, cheti kimekunjwa mfukoni, nangoja kuitwa kazini mahali fulani. Sikuitwa. Yeye alikuwa anatafuta mtu anayejua Kiingereza ili asimame kando ya kitambaa na kipaza sauti, awaambie watu picha inasema nini.

Mwezi wa angani ndio ulikuwa kalenda yetu. Chisense, wale samaki wadogo tunaowaanika mchangani, wanavuliwa kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwa mpevu. Kwa hiyo kila mwezi ulipojaa wavuvi wote walikuwa nchi kavu, wameoga, wamevaa mashati, wana hamu ya kuona watu wengine wakihangaika. Hiyo ndiyo ilikuwa wiki yetu. Tulianza saa tisa mchana, madirisha yamezibwa kwa magunia, jenereta inanguruma nje, na ndani joto la watu mia na zaidi na harufu ya samaki ambayo hakuna sabuni iliyoiweza. Picha nyingi zilikuwa za watu wenye farasi na bunduki. Mimi nilimgeuza askari wa picha kuwa ofisa wa uvuvi, na wezi wakawa wavuvi wenye nyavu za macho madogo. Ofisa anapotokea juu ya kilima, ukumbi mzima unasimama. "Ficha wavu! Ficha, mupumbavu weye, iko nyuma yako!" Siku moja mwanamke mmoja alinipigia kelele kutoka benchi la mbele: "Weye Mwape! Ule muzungu alisema maneno makumi, weye unatupa mawili. Ingine umekula?" Nikajibu kwa kipaza sauti kwamba ingine ni matusi, mama yangu. "Njo hayo tunataka!" akasema, na watu walicheka mpaka hatukusikia risasi.

Mwanamke yule alikuwa Bana Chola, yaani mama yake Chola, mchuuzi wa chisense, mjane mwenye mabega ya mpiga makasia. Nitamrudia. Kwanza niseme juu ya chumba cha nyuma, ambako nilikaa mwaka ule. Kilikuwa chumba chembamba kati ya ukuta wa ukumbi na ua, kina kitanda changu, meza ya kazi ya Papa Ilunga, randa zake zimepangwa kwa ukubwa, na makopo ya filamu yaliyongoja lori. Kilinuka vumbi la mbao, na hakikuwa na dari, boriti zilionekana. Tulikula humo sisi wawili, kwa sababu alipenda kula na mtu wa kazi: bukari, yaani ugali wa muhogo, sombe ya majani yake, na samaki mmoja mzima wa mpale kati yetu. Hakusema kitu mpaka amalize. Akimaliza alinawa, akatazama juu, na hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, maana alizungumza na watu huku akiangalia paa. Ilikuwa katika chumba hicho, mwezi wa tisa, aliponiambia jambo ambalo ningelipenda asingeniambia.

"Mwape, hii siambiangi mutu. Nilikuwa na haraka. Mulombwa, nyama yake nyekundu, dudu haiwezi kula. Mais muti uko na nyama nyeupe pembeni, na ile inaliwa. Fundi wa kweli anakata yote nyeupe, anatupa. Miye niliacha kidogo. Pale, na pale, unaona ule mustari? Juu ya kupata urefu." Akashusha kidole. "Kila mwaka mvua ikiisha napanda na kisu nachoma. Iko muzima. Mais naogopa."

Nilimwambia paa lile litadumu kuliko sisi. Nilisema kwa adabu tu, kama kijana anavyomjibu mkubwa. Sikujua kwamba amenikabidhi kisu.

Mwanzoni mwa Novemba macho yake yalizidi kufifia, akaamua kwenda Lubumbashi kutafuta daktari, na familia nzima ikaenda naye. Msimu ule haukuwa na hasara kubwa, kwa sababu Disemba ziwa linafungwa mpaka Februari iishe, samaki waachwe wazaane, na wavuvi wanarudi bara kulima mihogo. Sinema hulala. Alinipa funguo mbili, moja ya mlango mkubwa na moja ya nyuma, akanishika mkono bila kuuachia.

"Humu batu banakuja, banacheka, banarudi kwabo. Kitu cha kulala humu, hapana. Ata mufuko wa chumvi. Sema weye."

"Kitu cha kulala humu, hapana. Hata mfuko wa chumvi."

"Bien."

Rejina mdogo alisimama mlangoni amebeba sufuria ya safari, akanicheka kwa sababu nilijibu kama mtoto wa katekisimu.

Mvua ilikuja mapema mwaka ule. Zilikuwa zimebaki siku chache ziwa lifungwe, kila mtu anavua kwa pupa ya mwisho, na mchanga wote wa Kashikishi hadi Kabuta ulikuwa mweupe kwa chisense iliyoanikwa. Mvua ikanyesha juu yake. Lori la wachuuzi lilikwama njiani, daraja dogo limechukuliwa na maji. Nilikuwa nimelala chumbani mchana, nikawasikia wanawake nje ya ukuta, wamejikinga chini ya ukingo wa paa, wanasukuma magunia yasilowe. Hawakujua niko ndani.

"Ule Mwape angefungua."

"Ule? Sauti iko ya mutu mukubwa, mais roho iko ya mutoto. Anaogopa muzee wake."

"Kama unamuita Direkta anafungua," akasema Bana Chola, na wakacheka wote.

Niseme wazi kwamba nilisikia. Nilijua mchezo kabla haujaanza. Hata hivyo, alipobisha mlango wa nyuma akiwa na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa, akasema, "Direkta wangu, chakula kinapoa," nilifungua. Nilikula samaki wake, yeye akiwa amekaa kizingitini, maji yanamchuruzika. Hakulia. Alinionyesha kiganja kilichojaa chisense iliyolainika. "Siku ine tu, mwana. Barabara itafunguka. Hii nyumba ilikuwa ya samaki mbele ya kuwa ya picha. Haitashangaa." Nilifikiri kuhusu funguo. Nilifikiri pia jinsi itakavyokuwa wanawake wote wa soko wakijua kwamba mimi ndimi niliyewaokoa. Tuliyapanga magunia juu ya jukwaa, kwa sababu sakafu ilikuwa na unyevu, tukayapandisha moja juu ya jingine mpaka yakakaribia dari.

Siku nne zikawa wiki mbili. Daraja lilitengenezwa, likachukuliwa tena. Magunia machache yaliondoka kwa baiskeli, na nafasi yake ikachukuliwa na ya dada wa Bana Chola, na ya jirani wa dada huyo. Sikumkataza mtu. Msimu ule wa ziwa kufungwa, ambao kwa kila mtu ni msimu wa mboga za majani, mimi nilikula vizuri kuliko miezi yote ya mwaka. Krismasi nililetewa sahani tano. Wanawake waliniita Direkta mbele ya watu, nami niliacha kugundua kwamba wanatania. Hakuna aliyekuja kuuliza habari ya harufu, kwa kuwa jengo lile lilinuka samaki siku zote, na wenye magunia wenyewe hawakutaka bwana afya asikie.

Januari nilianza kuusikia ukumbi. Nilikuwa nikipita kwenda kuangalia jenereta nikasimama, kwa sababu ilionekana kama kunanyesha ndani, mvua nyembamba ya juu ya majani, wakati nje palikuwa na jua. Nikasogea. Magunia yalikuwa yanatembea. Wachuuzi wote wanawajua wale wadudu weusi wa samaki mkavu na watoto wao wenye manyoya. Gunia lisilokauka vizuri hawalikosi. Lakini sikuwahi kuwaona wengi hivyo. Na jambo ambalo sikulijua, na ambalo fundi yeyote angelijua, ni kwamba watoto wale wakishashiba huwaacha samaki, wakaenda kutafuta kitu kigumu cha kujificha ndani yake mpaka wageuke. Walikuwa wanapanda ukuta. Walikuwa wanaingia kwenye mbao za jukwaa, na kwenye fito za dari, na kwenye ncha za boriti za mbele, mmoja mmoja, kila mmoja na tundu lake. Unga wa mti ulikuwa umetanda juu ya magunia kama muhogo uliotwangwa.

Nilifagia. Nilipaka mafuta ya taa mahali mkono ulipofika. Asubuhi unga ulikuwa umerudi. Nilimwambia Bana Chola, akapiga mikono, akasema barabara itafunguka wiki hii, akaapa, lakini haikufunguka. Ningeweza kuyatoa magunia nje. Mvua ilikuwa inanyesha, na watoto wa wanawake wale walikuwa wanasubiri pesa ya samaki wale ili waanze shule, na kila siku niliyosubiri ilifanya siku inayofuata iwe ngumu zaidi kuisema. Mwishoni mwa mwezi ule mtu wa ng'ambo aliniletea karatasi ya Papa Ilunga, mwandiko mkubwa wa mtu asiyeona vizuri: Nyumba inalala salama? Niliandika nyuma ya karatasi ile ile: Inalala salama, Papa.

Februari ilipoisha barabara ilifunguka, magunia yakaondoka yote kwa siku mbili. Niliosha jukwaa. Niliziba matundu niliyoyafikia kwa nta ya mshumaa. Kitambaa kilikuwa kimeliwa tundu tundu, nikakigeuza, matundu yakabaki. Mwezi wa kwanza mpevu baada ya ziwa kufunguliwa, watu walijaa kuliko wakati wowote niliouona, wengine kutoka Mwansabombwe kwa baiskeli. Picha ilipoanza, mwanga wa dirisha lililokuwa nyuma ya kitambaa ulipenya matundu yale, na mtu akapaza sauti, "Mwape, ile muchana banaona nyota?" Nikamjibu kwamba huko kwa wazungu nyota hazilali. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya mwisho kwenye kipaza sauti kile. Dari haikutoa mlio mkubwa. Ilishuka kwanza polepole, kama mtu anayekaa kitako, unga ukamwagika kwenye mwanga wa projekta, kisha ikaja yote, na paa juu yake, kutoka juu ya jukwaa hadi benchi la tatu.

Hakuna aliyekufa. Nimejikumbusha jambo hilo mara nyingi kuliko nilivyosali. Wengi walichubuka, na Bana Chola, aliyekaa benchi lake la mbele, alivunjika mfupa wa bega. Nilimtembelea kliniki. Alikuwa amefungwa kitambaa kifuani, uso wake umekuwa mdogo. Alisema, "Mwambie muzee. Akirudi, mwambie. Ukianza weye, na miye nitasema. Tutasema pamoja." Nilikubali. Nataka ieleweke hivi: mwanamke yule hakuniomba ninyamaze.

Papa Ilunga alirudi baada ya wiki mbili, jicho moja limefunikwa, jingine nyuma ya kioo kinene. Hakuvua koti. Aliingia ukumbini, akapita kati ya mabenchi, akaokota ufito mmoja wa dari, akauvunja kwa vidole kama biskuti. Akauleta karibu na jicho lake zima.

"Mulilaza nini humu?"

Nilisimama mkono mmoja mbali naye. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimepanga sentensi ya kwanza na ya pili. Lakini alipouliza, sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa na hofu, na niliitambua hofu ile, kwa sababu alikuwa amenionyesha ilikokaa.

"Hakuna kitu, Papa," nikasema. "Nadhani ile nyama nyeupe. Ile uliyoniambia."

Alikaa kwenye benchi. Alikaa muda mrefu, ufito mapajani, anaupapasa. "Njo vile," akasema. "Njo vile. Nilijua." Hakupanda juu na kisu kuangalia boriti za nyuma. Angepanda angeona ile nyeupe iko nzima. Lakini macho yalikuwa vile, na mtu aliyengoja hukumu miaka yote haombi kusoma karatasi yake mara ya pili.

Kesho yake alivaa shati jeupe, akachukua kuku jike, akaniambia nimsindikize kwa Bana Chola. Tulimkuta amekaa mkekani mlangoni kwake. Mzee yule, ambaye sikuwahi kumwona akimwinamia mtu, alipiga magoti mchangani, akamweka kuku mbele yake kwa mikono miwili, kamba ya mguu wake ameifunga kwenye kigingi cha mlangoni.

"Mama, muti wangu ulikuvunja. Nilikata vibaya, juu ya haraka. Naomba pardon."

Bana Chola hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Alinipa muda, hata leo naweza kuupima muda ule, kuku alizunguka kigingi mara mbili. Alikuwa anangoja nianze, kama tulivyoahidiana. Niliangalia miguu yangu. Mwishoni akanyoosha mkono uliokuwa mzima, akampokea kuku, akasema taratibu, "Simama, muzee. Nyumba inaanguka tu." Baada ya siku ile hakuniita Direkta wala jina lolote. Alikufa miaka michache baadaye, na tulikuwa hatujazungumza.

Papa Ilunga aliuza projekta na jenereta. Kabla mwaka haujaisha alivuka na familia yake, na mimi nikapata kazi ya kuandika mizigo gatini. Upande wa mbele wa jengo ulibaki wazi kwa mvua. Wa nyuma, ambako paa halikuguswa, ulikuwa ghala la mahindi, kisha nyumba ya sala, kisha mtu mmoja akaweka televisheni na watu wakaingia tena kutazama mapigano, kisha mbuzi. Nilipita mbele yake kila siku kwenda kazini. Watu walisema, "Fundi alitia miti mibovu," nami nilisema, "Ndiyo, wanasema hivyo."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Rejina amekaa kwenye rundo la matofali, Chanda na vijana wake wanavunja ukuta wa mbele. Nilimweleza yote, kwa mpangilio, kuanzia bakuli lile mpaka kuku. Sikujitetea kwamba nilikuwa kijana. Nilipomaliza aliendelea kutazama kazi, kisha akaongea kana kwamba anawaambia wale vijana.

"Papa hakupaua tena. Alitengeneza viti, na vitanda. Ba misheni balikuja mara tatu kumuomba apaue kanisa. Alibaambia mikono yake inavunja batu. Paa la nyumba yetu lilitoboka, akasema atatafuta fundi. Fundi! Yeye! Mama alitega sufuria juu ya kitanda mpaka alikufa. Ndugu yangu alitaka kujifunza kazi ya miti, Papa akamukatalia, akasema ile damu ya haraka inapita kwa mutoto." Akanigeukia. "Na weye unataka nikupatie nini, yaya? Pardon? Haikuwa miye ulidanganya."

Nilisema sijui ninachotaka. Ilikuwa kweli.

Aliinuka, akamwendea Chanda, akaomba boriti moja ya nyuma, ile yenye ule ukingo mweupe. Alitaka ndugu yake aione kwa macho. Chanda akasema chukueni, mama. Vijana wawili waliibeba mpaka ufukweni, mimi nyuma yao. Nilitaka kushika ncha moja. Rejina alisema, "Acha," bila ukali, nikaacha. Mwenye boti aliiangalia akatikisa kichwa: ndefu mno, italala juu ya watu. Ikabidi ikatwe katikati. Kijana mmoja alileta msumeno akaanza, na jino la msumeno likaruka. Akaleta mwingine. Mti ulikuwa unatoa unga mwekundu kidogo kidogo, na msumeno ulichemka mpaka akawa anaumwagia maji ya ziwa. Watu waliokuwa wakipakia samaki walikusanyika. Walipokezana, watatu, wanne, wakitukana na kucheka. "Huu si muti, ni chuma." "Ule aliyechagua muti huu alikuwa na macho." "Siku hizi hatuna fundi kama hawa." Nilisimama pale nikasikiliza kila neno, maneno yote ambayo alistahili kuyasikia akiwa hai, na hapakuwa na mahali pa kuyapeleka.

Yule mwenye msumeno alijinyoosha kupumzisha mgongo. "Bashikulu," akaniuliza mimi, akiniita babu kwa kuwa nilikuwa mzee kuliko wote, "fundi alikuwa nani?"

Rejina aligeuka akanitazama, akangoja.

"Ilunga," nikasema. "Fundi Ilunga. Miti yake ilikuwa mizuri."

Kijana akafuta jasho kwa kiwiko, akafikiri kidogo. "Uyo simujui," akasema, akainama tena juu ya msumeno.